Mabadiliko Ishirini na Moja ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku tano. Ijumaa saa sita mchana tunakabidhi mfumo wa miadi kwa kliniki ya meno. Mimi ndiye msimamizi wa mradi. Nasisitiza neno "msimamizi" kwa sababu kuna watu ofisini wanaoniita mpokea simu.

Bosi ametangaza mbele ya wote. Mteja akitia saini Ijumaa, Mama Pacha anakwenda likizo. Asipotia, hakuna likizo. Mama Pacha ndiye anayeandika programu zetu zote. Sisi wengine tunapeana habari tu. Jumatatu ijayo mama yake anapasuliwa mtoto wa jicho. Bibi wa watu hajawahi kuwaona vizuri wajukuu wake tangu wazaliwe, huwatambua kwa kuwapapasa vichwa. Na hana wa kumshika mkono hospitalini ila binti yake huyu mmoja. Mama Pacha alinieleza haya yote bila chozi, na hapo ndipo nikaumia zaidi. Nikamwahidi kumlinda. Niliweka hata mkono kifuani.

Saa tatu na robo Daktari akapiga simu. Ana jambo dogo tu. Anataka mgonjwa aweze kubadilishana nafasi na mwenzake bila miadi kufutwa. Halafu jingine dogo zaidi: wagonjwa wenye majina yanayofanana waandikwe na majina yao ya utani. Nikasema hamna shida. Nadhani nilisema kabla hajamaliza. Ulimi wangu una mazoea yake.

Nilipogeuka, Mama Pacha alikuwa amenikazia macho. Akasema hilo ni badiliko la kumi na nne, na la kumi na tano. Akasema kila "hamna shida" yangu ina shida ndani yake, na shida hiyo hutembea kutoka kwenye meza yangu mpaka kwenye meza yake. Kweli tupu. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Mkabala nami anakaa Bwana Chati, msimamizi mwenzangu. Miradi yake humalizika kwa wakati. Ana karatasi kubwa ukutani yenye vijikaratasi vya rangi, na hupenda kunisikitikia kwa sauti. Akaniuliza kama nimewahi kujaribu kumwambia mteja hapana. Nikamjibu hapana. Akasema kumbe neno nalijua.

Nimepata mbinu! Sitamkatalia Daktari. Nitamchosha. Nimeandaa Fomu ya Maombi ya Mabadiliko. Kurasa tisa. Kila badiliko, fomu yake. Kila ukurasa, saini yake. Ukurasa wa sita unauliza athari za badiliko kwa wasiohusika. Hakuna mwenye akili timamu atakayefika ukurasa wa saba.

Jumanne, 4 Juni

Fomu imepelekwa saa mbili asubuhi.

Nikakaa. Nikanywa chai. Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Nikamkonyeza Mama Pacha, kwamba aone kazi ya watu wenye vichwa. Bwana Chati alikuwa anapanga vijikaratasi vyake na kujitia hamnazo, lakini sikio lilikuwa huku.

Saa tano na dakika kumi zikaingia fomu tatu. Zimejazwa zote. Ukurasa wa sita umejazwa mpaka pembeni, na mshale unaopeleka macho nyuma ya karatasi. Nilisahau kwamba huyu mtu amesoma miaka mingi na maisha yake yote ni kujaza kadi za watu. Akapiga simu kunishukuru. Anasema tangu tuanze mradi huu hakuna aliyewahi kumuuliza maswali mazuri namna hii. Zamani alikuwa anasahau nusu ya mawazo yake njiani; sasa yote yameandikwa, hayawezi kupotea.

La kumi na sita: mama mwenye watoto watatu apewe miadi mitatu katika mstari mmoja. La kumi na saba: mgonjwa anayetoka mbali asipangwe asubuhi sana. La kumi na nane sijui nililisomaje bila kuanguka. Anataka fomu yangu iingizwe kwenye mfumo, wagonjwa nao waijaze.

Nikasema hamna shida. Hapo nilikuwa nimechanganyikiwa, lisihesabiwe.

Mama Pacha akacheka. Si kile kicheko cha kufurahi. Akainama kwenye kompyuta yake na kufanya kazi mpaka jioni. Laiti angenitukana.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu ya pili. Rahisi, safi, haihitaji karatasi. Mteja asiponipata hawezi kunibadilishia kitu. Nimezima simu. Nimemwambia dada wa mapokezi kwamba niko nje kikazi mpaka Ijumaa. Nikahamia stoo, kwenye makatoni ya karatasi na mashine mbovu za kuchapia, nikawasha kompyuta ndogo na kuanza kusimamia mradi kwa utulivu. Mama Pacha alifanya kazi saa mbili mfululizo bila kuguswa. Nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Moyo wangu ulitulia kabisa.

Saa tano Daktari akaja mwenyewe. Kwa miguu. Nikasikia dada wa mapokezi akimwambia niko nje kikazi, Mungu ambariki. Kisha nikasikia sauti ya Bwana Chati, tamu kama asali, ikimwambia Daktari asisumbuke kurudi, msimamizi yumo stoo, mlango wa pili kushoto.

Sitamsahau yule mtu.

Daktari hakushangaa kunikuta nimechuchumaa nyuma ya katoni. Akavuta katoni jingine akakaa. Akasema ndugu yangu, hata yeye hujificha mgonjwa mwenye maneno mengi akija. Kisha akatoa fomu mbili. La kumi na tisa: mgonjwa mwoga wa sindano ajulikane mapema. La ishirini: mwenye maneno mengi apangwe wa mwisho. Nikafungua mdomo niseme mambo yameshafungwa. Alipouona umefunguka, akaniinua kidevu kwa kidole, akachungulia, akasema gego la nyuma kushoto limeoza, nije nalo kabla halijanitia adabu. Nikasema hamna shida.

Mama Pacha alisimama mlangoni, amesikia yote. Hakukasirika. Aliniuliza taratibu tu kama ampigie mama yake leo, amwambie atafute jirani wa kumpeleka Jumatatu, maana majirani nao wanahitaji kujipanga. Nikamwomba angoje kesho. Alisema sawa, lakini alikuwa ameshika simu mkononi.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Mke wangu ni fundi wa nguo. Aliendelea kupiga pindo, akaniuliza nani atautumia huo mfumo kila siku. Nikamwambia mteja ni Daktari. Akasema hakuuliza anayeagiza, ameuliza atakayevaa. Mume akija kumshoneshea mkewe gauni kwa kukadiria kwa mikono, atarudi na gauni lile mara ishirini. Nikamwambia programu si gauni. Akakata uzi kwa meno akasema haya.

Nimejua tatizo liko wapi! Daktari hawezi kuyawaza yote haya peke yake. Kuna mtu anamjaza maneno. Bila shaka ni kampuni nyingine inayotaka mradi wetu ufe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho naenda kupeleleza, na gego bovu ndilo litakalonipa sababu ya kuingia.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa shida. Shavu limevimba. Nianze mwanzo.

Saa mbili nilikuwa kliniki, gazeti mbele ya uso. Mapokezi yuko mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, daftari kubwa mbele yake na sanduku la kadi. Nikamwambia jino linauma sana, silali. Uongo mtupu, halijawahi kuuma. Akaniandika, akaniambia baba keti pale. Nikaketi, nikaanza kumsubiri adui.

Adui hakuja. Walikuja wagonjwa. Akaingia mama na watoto watatu. Mama wa mapokezi akawaandika mstari mmoja, akachora mabano kuwaunganisha. Nikasema moyoni, mbona hili nalijua? La kumi na sita! Wakaja wazee wawili wenye jina moja. Mmoja akamwandika Mrefu, mwingine Fundi Saa. La kumi na tano! Kijana mmoja alikuwa anachelewa kazini. Akambadilisha na bibi aliyekuwa hana haraka, kwa kuchora mshale tu. La kumi na nne lilikuwa linatembea mbele ya macho yangu.

Halafu zile kadi. Kila mara aliikunja kadi pembeni kidogo kabla ya kuipeleka ndani. Nyingine mkunjo mmoja, nyingine miwili, nyingine hazikukunjwa. Daktari ndani akiipokea anajua la kufanya, hakuna neno linalosemwa.

Saa nne Daktari akatoka kunywa maji. Akaegemea kaunta. Mama wa mapokezi akamwambia kuna bibi amekuja na mjukuu wa kumtafsiria, inafaa waandikwe pamoja. Daktari akaitikia kwa kichwa, akatoa simu, akaanza kuandika.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Badiliko la ishirini na moja.

Nikapigwa na butwaa. Miezi minne ya mradi! Vikao kumi na viwili, chai na vitafunio, chati na michoro, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa dakika kumi na huyu mama. Kila jambo la wagonjwa alilolikuta kaunta, lisilokuwemo kwenye michoro yetu, alimtajia Daktari, Daktari akanitajia mimi, nami nikasema neno langu lile.

Nikaliacha gazeti. Nikaenda kaunta nikajitambulisha na kuomba radhi. Akaishusha miwani akanitazama. Akasema alisikia tangu mwezi wa pili kwamba kuna wataalamu wanamtengenezea kitu cha kutumia. Alikuwa anangoja waje wamuulize anafanyaje kazi. Kisha akaona labda wataalamu hawaulizi.

Nikampigia Mama Pacha. Alifika baada ya nusu saa akihema. Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa lile daftari, na wale wanawake wawili hawakunitazama tena. Nikasimama pale kama mwavuli uliosahauliwa na mtu. Nikamsikia Mama Pacha akiuliza, na ukikosea unafanyaje? Na wakija wengi kwa mpigo? Na huu mkunjo? Mara akaguna, akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe. Akaniambia kaka, si mabadiliko ishirini na moja haya. Ni manne. Waandikwe pamoja walio pamoja. Watu waweze kubadilishana. Pembe ya kadi ikunjike kwenye skrini kwa kubonyeza. Na mbele ya kila jina paachwe nafasi tupu, mama huyu aandike anachojua yeye kuhusu mtu huyo. Mengine yote yataingia kwenye hiyo nafasi tupu. Na fomu yangu, akasema, tusiizungumzie.

Nilikuwa natafuta jibu la heshima ndipo nikasikia jina langu linaitwa. Zamu yangu imefika.

Nikasema jino limepona lenyewe. Mama wa mapokezi akaniinulia kadi yangu. Ina mikunjo miwili. Nikamuuliza maana yake. Akasema mkunjo mmoja ni mwoga wa sindano. Miwili ni yule ambaye jino humpona akiitwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kiti cha Daktari. Gego limekwenda.

Ijumaa, 7 Juni

Siwezi kuongea. Shavu limekuwa kama andazi. Daktari ameamuru nisifungue mdomo bila sababu mpaka kesho.

Mama Pacha alifika saa kumi na mbili asubuhi, kazi imekwisha mkononi. Macho mekundu, lakini imekwisha. Kuna kitufe ukikibonyeza, pembe ya kadi inajikunja. Nilikibonyeza mara tisa mpaka akanitoa mkono.

Saa tano tukaingia kliniki: mimi, yeye na Bosi. Mama wa mapokezi akaketi mbele ya skrini. Hakufundishwa. Aliingiza familia ya watu wanne, akambadilisha mzee na kijana, akakunja pembe, akaandika kwenye nafasi tupu "anatoka mbali, asiitwe mapema". Akavua miwani akaifuta. Akasema hili ni daftari lake, ila halichaniki. Mama Pacha akatazama pembeni. Mimi pia, tena kwa sababu isiyohusu jino.

Saa sita kasoro robo Daktari akachukua kalamu atie saini. Akaishusha. Akasema ana jambo dogo tu.

Jamani! Nikamwona Mama Pacha anavyobadilika rangi. Daktari akaeleza: angependa wagonjwa wanaopenda kupigiwa simu alasiri wawe na orodha yao. Chumba kizima kikanigeukia mimi, maana mimi ndiye msimamizi. Nikafungua mdomo. Pamba ikatangulia. Sauti iliyotoka haikuwa ya lugha yoyote. Nikachukua karatasi niandike yale maneno mawili, nikafika herufi ya pili, Mama Pacha akaninyang'anya kalamu.

Pakawa kimya. Kimya kirefu, cha ajabu. Nadhani sijawahi kukaa katika kimya cha namna ile na mteja. Kisha mama wa mapokezi akasema, bila kugeuka, kwamba hilo yeye ataliandika kwenye nafasi tupu, watu wenyewe hawazidi watatu. Daktari akafikiri. Akasema kweli. Akatia saini.

Bosi naye akatia saini yake kwenye barua ya likizo, palepale, juu ya kaunta. Mama Pacha aliikunja barua akaibana kwenye mkoba kwa mikono miwili. Nje akaniambia ana ombi moja tu. Siku tano asipigiwe simu, atakuwa amemshika mama yake mkono. Nikaweka mkono kifuani. Nikaapa kwa kichwa, maana mdomo haukuwepo. Nimefurahi leo kuliko siku niliyopewa kazi hii.

Nikiketi kwa utulivu naona wazi kilichotuokoa. Ile fomu. Bila fomu Daktari asingejipanga.

Jumatatu, 10 Juni

Mdomo umerudi. Asante Mungu.

Mama Pacha yuko hospitalini na mama yake. Nimewaombea asubuhi, kwa dhati.

Bwana Chati amekuja mezani kwangu kuomba nakala ya fomu. Bwana Chati! Nikamwambia nitaangalia kama imebaki. Ninaiboresha, iwe kurasa kumi na mbili.

Saa nne amekuja mteja mpya, mdogo wake Daktari, daktari wa mifugo. Ameona mfumo kwa kaka yake, anautaka na yeye. Nikamwambia ameshaupata, ni ule ule, tunabadilisha neno "mgonjwa" linakuwa "ng'ombe". Akauliza lini. Nikasema Jumatano. Akauliza kama hatutakuja kwanza kuona anavyofanya kazi. Nikamwambia asijisumbue, tuna uzoefu na kliniki.

Nikaona nisimsumbue mtu. Neno moja tu, hata mimi naweza. Nikafungua programu, nikaamuru kila "mgonjwa" awe "ng'ombe". Ikakubali mara moja. Nilijisikia mtaalamu.

Saa nane akapiga simu mama wa mapokezi wa meno. Kwa upole mkubwa akanijulisha kwamba skrini ya ukumbini kwake imeandika "Ng'ombe anayefuata aingie". Wawili wamecheka. Mzee mmoja ameinuka amekwenda zake nyumbani. Kumbe sikuwa kwenye nakala. Nilikuwa ndani ya mfumo wenyewe!

Nikajaribu kurudisha. Sasa inaandika "Mgo ng'ombe". Bwana Chati akaniuliza kwa mbali kama nahitaji msaada. Nikamwambia yote yamedhibitiwa.

Jioni akapiga daktari wa mifugo. Kuna jambo alisahau kunieleza. Yeye hutibu paka, mbwa na ndege wa nyumbani. Ng'ombe hajamgusa tangu aache chuo. Nikasema hamna shida.

Jumanne, 11 Juni

Ng'ombe bado wako kwa Daktari wa meno. Mama wa mapokezi amerudi kwenye daftari la karatasi kwa muda. Hakunilaumu. Amesema tu anamsubiri yule binti.

Saa nne ujumbe umeingia kutoka kwa Mama Pacha. Bandeji imetolewa asubuhi. Mama yake ameona. Kwanza aliona dirisha, halafu pacha wakaletwa, akawatazama mmoja mmoja bila kuwagusa, akasema kumbe hawafanani. Nikaenda stoo nikalia. Sioni haya kuandika. Nililia kwa furaha kati ya makatoni, na kama mradi ule usingesainiwa nisingejisamehe.

Nikamjibu kwamba tunamshukuru Mungu, amsalimie mama, ampe pole na hongera. Na kwa kuwa simu ilikuwa tayari mkononi, na kwa kuwa niliapa kutompigia, sikuapa kutomwandikia, nikaongeza swali dogo kuhusu ng'ombe. La mistari saba.

Majibu yamekuja upesi. Si yake. Ni ya mama yake. Anasema ameusoma ujumbe mwenyewe, kwa jicho jipya, simu akiiweka mbali kidogo. Binti yake amelala kwenye kiti pembeni yake kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na yeye hatamwamsha kwa ajili ya ng'ombe wa mtu.

Nimefurahi mno kwamba anaona vizuri kiasi hicho. Nimemuuliza ataamka saa ngapi.